Jinsi ya kumuonyesha mtoto tabia za maji kwa vitu vya jikoni, na kwanini bila hizo tabia hakuna uhai

Wazazi, walimu wa tuisheni na nyie wanafunzi mnaojisomea wenyewe, hii ni ya kwenu. Swali la tabia za maji zinazosaidia uhai linakuja sana kwenye bailojia na kemia na wengi wanalijibu kwa kukariri, ukimuuliza mtoto ukisema maji ni kiyeyushi kizuri maana yake nini anabaki anakuangalia tu. Inaniuma kwasababu hamna ulazima wa kukariri hapo. Karibu kila kitu maji yanachofanya kinatoka kwenye jambo moja, na hilo jambo unaweza kulionyesha kwa chumvi, mafuta ya kula, sindano, mshumaa, chupa ya plastiki na friji, ata kama friji ni ya jirani.

Kabla ya yote, usiku wa kuamkia siku ya kufanya haya andaa vitu vitatu. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, jaza maji mpaka kama robo tatu, simamisha wima, chora mstari kwa makapeni pale maji yalipoishia alafu iweke friza ikiwa imesimama. Usitumie chupa ya kioo, itapasuka, sababu utaiona mbele. Cha pili, weka jagi la maji kwenye friji sehemu ya kawaida, sio friza. Cha tatu, chemsha choya iliyokaushwa kama unavyotengeneza juisi ila usitie sukari, ichuje, iache ipoe.

Tuanze na hilo jambo moja. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, hilo kila mtu analijua, kinachorukwa ni umbo lake. Hazijakaa kwenye mstari ulionyooka, zimepinda, pembe yake ni kama nyuzi 104.5, na oksijeni inazivuta elektroni upande wake kuliko haidrojeni inavyoweza. Kwahiyo upande wa oksijeni unakuwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Hasi na chanya zinavutana, basi haidrojeni ya molekuli hii inaishika oksijeni ya ile, na molekuli moja inaweza kushikana na nyingine mpaka nne kwa wakati mmoja. Huo mshiko ndio bondi ya haidrojeni. Mmoja mmoja ni dhaifu na haudumu, unakatika na kuungana upya ndani ya muda mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde, ni kama abiria waliosimama kwenye daladala iliyojaa, aliyekushika bega saivi sio atakayekushika kona inayofuata ila muda wote kuna mtu kakushika. Mwambie mtoto achore molekuli tano hivi kwenye karatasi, oksijeni rangi moja na haidrojeni rangi nyingine, alafu aunganishe kwa vidoti chanya na hasi zinazotazamana. Hiyo karatasi bandikeni ukutani, kwenye kila jaribio mtarudi hapo na swali moja tu: nani kamshika nani?

Kitu kimoja nakushauri ukiruke. Kuna lile jaribio la kusugua kitana au rula kwenye nywele alafu unasogeza kwenye maji membamba ya bomba yanapinda, na vitabu vingi vinasema yanapinda kwasababu molekuli zina upande chanya na hasi. Yanapinda kweli, linapendeza sana, ila maelezo yake sio hayo. Maji yanajipatia chaji kwa kuwa karibu na kitana, na ata vimiminika ambavyo molekuli zake hazina upande chanya na hasi vinaweza kupinda vikiwekewa mazingira hayohayo. Kumjengea mtoto uelewa juu ya ushahidi ambao sio wenyewe ni kumuonea. Alafu kwa watu wa pwani lenyewe linagoma tu, hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi na chaji inapotea kabla hujafika bombani.

Badala yake chukua glasi mbili, moja weka maji, nyingine mafuta ya kula, kiwango sawa. Kila moja tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, koroga kwa muda sawa. Kwenye maji chumvi inapotea, kwenye mafuta inazunguka inarudi inakaa chini vilevile ata ukoroge mpaka mkono uchoke. Sasa uliza, nani kamshika nani? Chumvi ni sodiamu yenye chaji chanya na klorini yenye chaji hasi zimeng'ang'aniana. Maji yanaizunguka sodiamu kwa upande wa oksijeni na klorini kwa upande wa haidrojeni, yanazing'oa moja moja mpaka zote zimetawanyika. Mafuta hayana pande hizo za chaji, hayana cha kushikia. Ukitaka kwenda mbali zaidi endelea kuongeza chumvi kwenye maji kidogo kidogo mpaka igome kuyeyuka, mililita 100 za maji kwa joto la chumbani zinabeba kama gramu 36 za chumvi, ila sukari zinabeba kama gramu 200, kwasababu molekuli ya sukari nayo imejaa sehemu za kushikana na maji.

Hapa ndipo uhai unapoingia na usipite haraka. Plazima, yaani ule umajimaji wa damu, zaidi ya asilimia 90 ni maji, na ndani yake kuna glukosi inaenda kwenye misuli, kuna chumvi zinazofanya neva zifanye kazi, kuna yurea inapelekwa kwenye figo itolewe. Vyote vimeyeyuka humo. Mmea nao haupati naitrojeni ya mbolea mpaka iyeyuke kwenye maji ya udongo kwanza, ndio maana mtu akitupia mbolea shamba kavu mvua ikagoma anaona kama kaibiwa.

Ila maji hayachagui cha kubeba. Watu wa Arusha na vijiji vya kuzunguka Mlima Meru wanalijua hili kwenye meno yao, miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, maji yanapita humo yanaibeba, na mtoto anayekua akinywa hayo maji meno yanakuwa na madoa ya kahawia, ikizidi sana ata mifupa inaathirika. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii kwa hili, tafadhali mwambie na mwenzio, kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi inabaki palepale, tena maji yakipungua kwa mvuke floraidi iliyobaki inakuwa nzito zaidi.

Turudi kwenye ile glasi ya mafuta. Mimina maji kidogo juu yake, uone yanavyozama na kujitenga. Tikisa kwa nguvu kwenye chupa iliyofungwa, yanachanganyika kama maziwa, subiri kidogo yanaachana tena. Wengi wanadhani maji yanayachukia mafuta, hapana, maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu mpaka mafuta yanasukumwa pembeni. Sasa tia matone ya sabuni ya maji utikise tena, safari hii hayaachani haraka. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Na utando unaozunguka kila seli ya mwili wako umetengenezwa na molekuli za aina hiyohiyo, vichwa vimeelekea maji ya nje na ya ndani, mikia imejificha katikati, na hakuna aliyezipanga, maji yenyewe ndio yamezisukuma zikae hivyo. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, kwamba utando wa seli unasimama kwa sababu ya mafuta na maji kutochanganyika, na nashangaa kwanini linapewa mistari miwili tu vitabuni.

Jaribio linalofuata watoto wanalipenda sana. Laza sarafu mezani, ya shilingi 100 au 200, au ya kumi kwa walioko Kenya, iwe safi haina mafuta. Kabla hujaanza kila mtu aseme anadhani yatakaa matone mangapi ya maji juu yake kabla hayajamwagika, wengi watasema matano au kumi. Alafu dondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, moja moja, ukiwa umeinama macho yako yawe usawa wa meza. Utaona maji yanavimba juu ya sarafu kama kuba, yanapita kabisa ukingo na bado hayamwagiki, yatapita namba aliyotaja karibu kila mtu. Rudia ukiwa umeipaka sarafu sabuni, kuba halijengeki kivile, yanamwagika mapema.

Molekuli ya katikati ya maji inavutwa na wenzake kutoka kila upande, ila ya juu kabisa haina wa kuivuta kutoka juu, inavutwa pembeni na chini tu, kwahiyo uso wa maji unakaza kama una ngozi. Sindano ya kushonea inalala juu yake ingawa ni chuma: weka kipande kidogo cha tishu juu ya maji kwenye bakuli, laza sindano juu ya tishu, tishu ikilowa isukume polepole izame, sindano itabaki inaelea. Inama uangalie pembeni, utaona maji yamebonyea chini ya sindano ila hayajatoboka. Tone moja la sabuni, inazama papo hapo.

Ukiwa na dimbwi karibu nenda kaangalie viluwiluwi vya mbu, ni somo zuri kuliko bakuli lolote. Vile vya mbu wa kawaida anayelia usiku, Culex, vinaning'inia kichwa chini na kamrija kadogo ka kupumulia kametoboa uso wa maji, vya Anopheles anayeeneza malaria havina huo mrija, vinalala sambamba na uso wa maji. Vyote vimeshikiliwa na hiyo ngozi ya maji. Tabaka jembamba la mafuta juu ya dimbwi linavizuia kupumua na kuning'inia, ndio maana zamani watu wa afya walikuwa wanamwaga mafuta kwenye madimbwi. Ukishaangalia lifukie hilo dimbwi.

Maji pia yanashika vitu vingine, sio yenyewe tu. Kata ua jeupe lenye shina refu au jani la chainizi lenye shina jeupe, likate shina likiwa ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mishipa, kisha lisimamishe kwenye glasi yenye rangi ya chakula nyingi, nyekundu au bluu. Liache sehemu yenye upepo kidogo. Baada ya masaa kadhaa utaanza kuona mistari ya rangi, kesho yake ukikata shina kwa upana utaona vidoti vya rangi, hiyo ndio mishipa inayopandisha maji. Weka jingine ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa ulinganishe, lile la kwenye mfuko rangi itapanda polepole zaidi, na hapo mtoto anaona mwenyewe kwamba injini iko juu kwenye majani, maji yanapotoka kwa mvuke kwenye majani yanayavuta yaliyo nyuma yake, na yale yanavuta yaliyo nyuma yao, mpaka kwenye mizizi.

Hapa nataka utulie kidogo kwenye hesabu. Ukinyonya maji kwa mpira kutoka kisimani, ata uwe na pampu nzuri ya kunyonya kiasi gani, hayapandi zaidi ya kama mita 10, kwasababu kinachoyasukuma juu ni uzito wa hewa na uzito wa hewa unaishia hapo. Sasa Kilimanjaro kuna mkukusu uliopimwa mita 81.5, ulitangazwa mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Maji yanafika kileleni kwake bila pampu. Yanafika kwasababu yameshikana kama uzi mmoja usiokatika ndani ya mishipa myembamba kama unywele, jua linakausha juu na uzi mzima unapanda. Molekuli za maji zingekuwa zinashikana kwa ulegevu kama za mafuta ya taa, msitu usingekuwepo.

Sasa joto, na hapa unahitaji jiko na saa. Pima lita moja ya maji ya bomba kwa zile chupa za nusu lita, weka kwenye sufuria bila mfuniko, washa gesi moto wa kati na usiuguse tena. Andika muda mpaka yachemke kabisa kwa nguvu. Tuseme ni dakika 8. Usizime, acha yachemke dakika 8 nyingine, moto uleule, alafu zima, subiri yapoe, pima yaliyobaki. Utategemea yawe yamekwisha au yamebaki nusu, utakuta yamepungua kama mililita 140 tu, zaidi au pungufu kidogo kulingana na upepo na sufuria. Joto lote lile lililoweza kupandisha lita nzima kutoka nyuzi 25 mpaka 100 limeweza kugeuza moja ya saba tu ya maji kuwa mvuke.

Hesabu yake inakubali. Gramu moja ya maji inahitaji jouli 4.18 kupanda nyuzi moja, kwahiyo lita kupanda nyuzi 75 ni kama kilojouli 314. Ila kuigeuza hiyo lita yote mvuke ni kama kilojouli 2,260, zaidi ya mara saba. Nani kamshika nani? Ili molekuli iondoke kwenye maji lazima iachie wote walioishika, na kuvunja hiyo mishiko ndiko kunakokula gesi yako. Ukipika maharage punguza moto yakishachemka, ukiacha moto mkubwa hayapandi zaidi ya pale, unalipia mvuke tu. (Nyuzi 100 ni kwa wa pwani, Nairobi ambako ni kama mita 1,800 juu ya bahari yanachemka karibu nyuzi 94, maharage yanachukua muda zaidi.)

Mwili wako unaitumia hiyo gharama kwa faida. Jasho likikauka kwenye ngozi kila gramu inaondoka na kama jouli 2,400 za joto lako. Neno muhimu ni likikauka. Februari na Machi pale Dar jasho linatiririka linadondoka chini, hewa imeshajaa mvuke, halikauki, na jasho linalodondoka halikupozi, ndio maana nyuzi 32 za Dar zinachosha kuliko nyuzi 32 za Dodoma. Mtungi wa udongo ni hivyohivyo, maji yanapenya taratibu kwenye vitundu vyake, yanakauka nje, ya ndani yanapoa, na wa Dodoma unapoza kuliko wa Tanga. Kuonyesha hili chukua chupa mbili za maji sawa, moja ivalishe soksi au kitambaa kilicholowa, zote ziweke kivulini penye upepo, baada ya saa moja zishike au mimina uonje. Usitumie kipimajoto cha homa, hakishuki chini vya kutosha, kama huna cha jikoni mkono na ulimi vinatosha.

Kuna na lile la mchanga: beseni moja la mchanga mkavu, moja la maji, asubuhi weka juani, saa saba mchana gusa vyote, saa mbili usiku gusa tena. Mchana mchanga unaunguza maji bado vuguvugu, usiku mchanga umepoa maji bado yana joto. Mchanga unahitaji karibu moja ya tano tu ya joto ambalo maji yanahitaji kupanda nyuzi moja. Ukiwa Zanzibar au Mombasa hilo beseni ni bahari na nchi kavu: mchana nchi kavu inapata joto, hewa yake inapanda, upepo unavuma kutoka baharini, usiku wa manane kinyume chake, na wavuvi wa ngalawa wanatoka alfajiri na upepo wa bara na kurudi mchana na upepo wa bahari. Na wewe mwenyewe ambaye mwili wako karibu asilimia 60 ni maji ukisimama juani dakika kumi hupandi homa, sababu ndio hiyohiyo.

Toa sasa ile chupa ya friza. Barafu imepanda juu ya mstari uliochora, karibu asilimia 9. Vitu vingi vikiganda vinasinyaa, maji yanatanuka. Ili mtoto aone kwamba hili ni la ajabu weka vipande vya mshumaa kwenye kopo, weka kopo ndani ya maji ya moto (sio juu ya moto moja kwa moja, nta inashika moto), ikiyeyuka dondosha kipande kigumu cha mshumaa, kinazama. Kisha dondosha barafu kwenye glasi ya maji, inaelea. Molekuli za maji zikiganda kila moja inashikana na nne kwa mpangilio maalum wenye uwazi katikati, zinachukua nafasi kubwa kuliko zilipokuwa zinasukumana kwenye maji. Ndio maana soda ya kioo inapasuka friza. Na ndio maana kule Ulaya, Kanada na kwingine kwenye baridi kali ziwa linaganda juu tu, maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4, yanakaa chini, samaki anaishi humo mpaka barafu iyeyuke. Barafu ingekuwa inazama ziwa lingejaa barafu kuanzia chini.

Sisi maziwa yetu hayagandi, ila uzito wa maji kubadilika na joto unatuhusu kuliko tunavyodhani. Toa lile jagi la friji, maji yake yatie rangi. Glasi ya kioo jaza nusu maji ya moto (sio ya kuchemka), alafu kwa mrija au bomba la sindano lenye mpira ingiza maji ya baridi yenye rangi taratibu mpaka chini kabisa ya glasi. Ukiwa na mkono mtulivu utapata tabaka mbili zimetengana kabisa na zinakaa hivyo kwa muda mzuri tu. Hilo ni Ziwa Tanganyika. Lina kina cha kama mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, juu kuna maji ya vuguvugu na chini ya baridi kidogo, tofauti ni nyuzi chache tu lakini zinatosha kuyazuia yasichanganyike. Ukipita mita 100 mpaka 200 hivi hamna oksijeni, hakuna samaki anayeishi huko, eneo kubwa kabisa la ziwa ni maji yasiyo na hewa. Na virutubisho navyo vimezama huko chini. Sasa puliza upande mmoja wa glasi kwa nguvu uone tabaka zinavyoinama. Kipindi cha kiangazi, Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na upande wa kusini maji ya chini yanakaribia juu na virutubisho vyake, mwani unakua, dagaa wanakula, migebuka wanakula dagaa, na watu wa Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu wanakula wote wawili. Wanasayansi waliolipima ziwa wameona linazidi kupata joto juu, na tofauti ya juu na chini ikikua kuchanganyika kunapungua. Kwahiyo hiyo glasi sio mchezo wa watoto tu, ni chakula cha nchi nne.

La hewa ni fupi lakini wafugaji wa samaki lisomeni. Mimina glasi ya maji ya baridi ya friji, iache mezani saa moja au mbili, utaona viputo vidogo vimeganda ukutani kwa ndani. Ni hewa inayotoka, maji ya baridi yanabeba hewa nyingi kuliko ya moto. Kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji inabeba kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 kama 7.6. Bwawa la sato au perege likipata joto oksijeni inapungua wakati huohuo samaki anahitaji zaidi, na kwasababu usiku mwani hautengenezi oksijeni bali unaitumia, wakati mbaya ni alfajiri kabla ya jua. Ukiona samaki wanakuja juu kutwetea alfajiri sio wanataka chakula, usiwamwagie pumba, ingiza maji mapya yakidondoka kutoka juu ili yachukue hewa.

Mwisho choya. Weka maji kidogo ya choya kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache, ya pili kamulia limau, inakuwa nyekundu kali, ya tatu tia magadi kidogo sana, inageuka kijani. Rangi inafuata haidrojeni. Maji yenyewe, molekuli moja kati ya kama milioni 550 hivi inakuwa imemuachia mwenzake haidrojeni moja, na hiyo ndio pH 7 kwa nyuzi 25 (pH ni kipimo cha hizo haidrojeni zilizoachiwa, zikizidi pH inashuka, zikipungua inapanda). Limau linaongeza haidrojeni hizo, magadi yanazipunguza. Damu yako inatakiwa ibaki kati ya 7.35 na 7.45, ikitoka hapo unaumwa sana, na kinachoilinda ni chumvi za baikaboneti zilizoyeyuka ndani yake. Ukitaka kuona huo ulinzi chukua glasi mbili za maji, moja yenye kijiko cha magadi, zote zitie choya, alafu kamulia limau tone kwa tone ukihesabu. Ile ya maji matupu inabadilika mara moja, ile ya magadi inapiga povu na kuvumilia matone mengi sana kabla haijaanza kuelekea nyekundu.

Ukifika Ziwa Natron, chini ya Oldoinyo Lengai, pH inaweza kupita 10, maji yanachoma ngozi yenye kidonda, na bado flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanazalia hapo kwasababu wanyama wanaowinda mayai hawathubutu kuvuka. Upande wa Kenya kwenye Ziwa Magadi kuna perege mdogo anayeishi kwenye maji ya aina hiyo. Samaki wengi wanatoa uchafu wa naitrojeni kama amonia kupitia matamvua, kwenye maji yenye pH ya juu namna hiyo amonia inagoma kutoka, kwahiyo yeye anaigeuza kuwa yurea kwanza, kama tunavyofanya mimi na wewe.